Mama Foili, mpishi aliyetengeneza betri ndani ya friji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hujaisikia sauti yake, unaisikia foili yake. Kraa! Kimya kidogo. Kraa! Ni karatasi ya foili inayochanwa kwenye meno ya boksi lake, na anayeichana hata haitazami. Macho yake yako kwenye kuku walio ndani ya oveni, sikio moja analo wifi yake anayesimulia ndoto ya jana, na mikono inaendelea na shughuli zake yenyewe.

"Hapo hapo simama," anamwambia mwandishi aliyesogea karibu na meza. "Mkono wa shati usiguse hiyo trei. Nimeshaifuta."

Mwandishi anasimama. Humu ndani hata meneja wa kiwanda husimama akiambiwa asimame.

Jiko lenyewe ni chumba kirefu chembamba nyuma ya kiwanda cha viatu. Lina madirisha mawili, oveni tatu za gesi, friji moja kubwa inayonguruma na sinki ambalo bomba lake halifungiki mpaka ulipige kofi. Upepo ukitoka upande wa karakana, harufu ya ngozi na gundi inaingia dirishani na kukutana na ya vitunguu. Mgeni hukunja uso. Wenyewe wanasema wakienda likizo huikumbuka.

Wafanyakazi mia moja na themanini wanaokula hapa mchana humwita mpishi huyu Mama Foili. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua watu wachache sana, na mmoja wao, ambaye ni mumewe, anadai ameanza kulisahau.

Mama Foili ana miaka arobaini na saba. Ni mfupi, mnene wa mikono, na hucheka kabla hajamaliza kusema kinachochekesha, hivyo wasikilizaji hulazimika kusubiri. Alianza miaka tisa iliyopita akiwa na kikapu kimoja getini, akiuza viazi vya kuoka na vipande vya kuku vilivyofungwa kwenye foili, kimoja kimoja.

"Sikuwa na sahani, sikuwa na meza, sikuwa na chochote," anasema. "Foili ndiyo ilikuwa sahani, ndiyo kawa, ndiyo kila kitu. Mtu anafungua, mvuke unampiga usoni, anacheka. Nikaona hee, kumbe watu wazima nao wanapenda kufungua zawadi!"

Baada ya miaka miwili ya kikapu, uongozi wa kiwanda ulimwita ndani na kumpa jiko. Alimleta wifi yake, dada wa mumewe, wasaidiane. Tangu siku hiyo wawili hao wamefanya kazi bega kwa bega na hawajamaliza saa nzima bila kutaniana.

"Huyu kaka yangu alimwoa kwa sababu ya viazi," wifi anasema, akimenya kitunguu bila chozi.

"Na wewe umenifuata mpaka hapa kwa sababu ya viazi hivyo hivyo," Mama Foili anamjibu.

Ukimwona asubuhi hii, hutadhani kwamba miezi saba iliyopita mwanamke huyu aliketi siku kumi na moja nyumbani, jiko lake limefungwa, jina lake likitafunwa kiwanda kizima, na mpishi mwingine ameshaandika barua kuomba nafasi yake. Na kilichomfikisha huko ni foili.

Mambo yalianza kwa furaha, kama mambo yake mengi. Kwa miaka yote ya jikoni alikuwa akipikia kwenye trei za kioo, nzito za kuvunja kiuno, ambazo kila mwaka mbili au tatu zilipasuka. Hatimaye akajinyima, akanunua trei kumi na sita mpya za chuma kisichoshika kutu, zile watu huziita za stili. Nyepesi, pana, zinang'aa mpaka unajiona. Siku trei hizo zilipofika alizipanga mezani akamwita kila aliyepita aje kuziona.

"Alinifanya nizisifu moja moja," anasema nesi wa kiwanda, mwanamke mrefu mwenye miwani inayoning'inia shingoni, ambaye kazi yake ni pamoja na kukagua jiko. "Nilifika ya nane nikachoka."

Alhamisi ni siku ya samaki. Jumatano mchana Mama Foili huwapika samaki kwenye mchuzi mzito wa nyanya, limau na chumvi, huuacha upoe kidogo, kisha huuweka kwenye friji ulale humo ili ladha iingie mpaka kwenye mfupa. Na hapo ndipo palipokuwa na siri yake, ambayo aliijivunia kuliko zote. Wapishi wengine hufunika trei juu juu. Yeye aliibonyeza foili kwa kiganja mpaka ilale juu ya mchuzi wenyewe, kisha akaikunja kwa nguvu kuzunguka ukingo wa trei.

"Nilitaka hewa isipate hata pa kukalia," anasema. "Wifi alikuwa ananiambia unawafunika samaki kama watoto wachanga. Nami nilikuwa naona ndiyo usafi wenyewe."

Kwenye trei za kioo, mtindo huo haukuwahi kumletea kisa. Kwa hiyo Jumatano ile ya kwanza ya trei mpya aliwafunika samaki wake vile vile, kwa mapenzi yote, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake mchana, aliyekuwa wa kwanza kuinua uma alikuwa mkata soli mmoja wa siku nyingi, ambaye kila mtu humwita Mzee wa Soli. Aliutazama uma, akautazama tena, akaunyanyua juu ili meza nzima ione. Kwenye kipande cha samaki kulikuwa na kijichembe kinachometameta.

"Mama!" akaita. "Leo samaki umetuletea na hereni zake?"

Ukumbi ulicheka. Mama Foili naye alicheka, sana tu. Kisha wa meza ya pili akaona doa la kijivu kwenye mchuzi wake. Wa meza ya tatu akaona mawili. Wifi akakimbia jikoni kuichukua foili iliyofunika trei, akaikunjua, na kicheko kikakatika. Karatasi ilikuwa imetoboka tobo tobo kama chujio.

"Niliinyakua nikaigeuza pande zote," Mama Foili anakumbuka. "Foili niliifunika nzima. Mimi mwenyewe. Kwa mkono huu. Sasa nani ameingia kwenye friji akaitoboa?"

Kiwanda kilikuwa na majibu mengi kuliko maswali. Kuna waliosema ni panya, bila kueleza panya huyo alifunguaje mlango wa friji. Kuna waliosema trei zilioshwa kwa dawa kali ya kusafishia mashine. Ilipofika saa kumi jioni, habari ilikuwa imefika idara ya kufungasha ikiwa imenenepa: kwamba Mama Foili huwatia samaki unga fulani ili walainike haraka, na unga huo umekula mpaka bati.

Nesi aliufunga mlango wa jiko jioni ile ile.

"Nilimwambia, dada yangu, nakupenda na chakula chako nakipenda," nesi anasema. "Lakini watu mia na themanini wamekula kitu ambacho mimi na wewe hatukijui. Mpaka tukijue, hakuna moto utakaowashwa hapa."

Hakuna aliyeumwa. Hilo nesi analisisitiza, na Mama Foili hulisisitiza mara mbili. Lakini kamati ya chakula ilimpa wiki mbili aeleze kilichotokea. Asipoweza, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Miaka tisa ya kazi, na ajira ya wifi juu yake, vyote vilining'inia kwenye karatasi moja yenye matobo.

Na hapo Mama Foili akafanya jambo ambalo mpaka leo akilisimulia husita, hufuta meza ambayo tayari ni safi, ndipo huendelea. Alikwenda dukani.

Duka ambako amenunua foili tangu enzi za kikapu liko mtaa wa pili. Mwenye duka ni mzee mpole wa maneno machache, na mtaa mzima humwita Mjomba. Mama Foili aliingia saa ambayo duka limejaa wateja, akazitupa boksi tatu za foili juu ya kaunta.

"Nilimwambia umeniuzia takataka," anasema kwa sauti ya chini. "Nikasema foili yako imeoza, unauza bandia, umenichafulia jina. Nikasema mbele ya watu. Mengine siyarudii, maana wifi yangu yupo na atayatumia."

Mjomba hakupandisha sauti. Aliziokota boksi, akazipangusa vumbi, akasema, "Binti yangu, foili hii hii ndiyo iliyofunga chakula changu cha leo." Wateja wawili walirudisha foili zao rafuni wakaondoka. Mama Foili aliwaona, na wakati ule, anakiri, alifurahi.

Alinunua foili duka jingine, akapika mchuzi ule ule nyumbani kwake, akaufunika kwenye moja ya trei zake mpya, akauacha kwenye friji mpaka kesho yake. Alipofunua, matobo yalikuwa pale pale, pengine yalizidi.

"Mimi nilimwambia," wifi anadakia. "Nilimwambia wifi, hebu tazama hizo trei. Kilichobadilika hapa ni trei tu. Unajua alinijibu nini? Kwamba nazionea wivu!"

"Ulikuwa unazionea."

"Kidogo. Lakini nilikuwa nasema kweli."

Aliyelifumbua fumbo hilo mwishowe alikuwa mumewe. Ni fundi wa betri za magari, mwenye kibanda cha kuchajia ubavuni mwa nyumba yao, mtu mtaratibu mwenye suruali zilizotobolewa na tindikali. Jumapili mchana alikuja kula, akamkuta mke wake ameketi mbele ya trei, ameshika tama, chakula hakijapakuliwa.

Aliinyanyua ile foili akaielekeza dirishani. Vitone vya mwanga vikamwangukia usoni. Akaanza kuuliza maswali, na mkewe anayakumbuka yote kwa mpangilio wake.

"Uliikunja kwenye ukingo wa trei?"

"Kama siku zote."

"Na iligusa mchuzi?"

"Ndiyo maana yake! Niliibonyeza."

"Mchuzi una limau na chumvi?"

"Samaki bila chumvi utamla wewe?"

Fundi alianza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mke wangu," akasema alipopata pumzi, "miaka ishirini na mbili nachaji betri za watu, kumbe na wewe unatengeneza ya kwako ndani ya friji yangu."

Mkewe alidhani anamdhihaki, na siku ile hakuwa na nafasi ya dhihaka. Ilibidi fundi amweleze polepole, kwa maneno ambayo sasa Mama Foili anayarudia kwa ufasaha kumshinda yeye. Betri si kitu cha ajabu. Ni madini mawili tofauti, yameunganishwa, na katikati yake kuna maji yenye chumvi au uchachu. Trei ni chuma, foili ni alumini. Vimegusana pale ukingoni ilipokunjwa. Na katikati kuna mchuzi wa nyanya na limau. Umeme mdogo unatembea, na katika safari hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Inatoboka, na ilichopoteza kinaangukia kwenye chakula. Kwenye kioo hapakuwa na chuma cha pili, kwa hiyo betri haikukamilika.

"Nikamwambia nionyeshe," anasema. "Maneno matupu sitaki."

Fundi alikwenda kibandani akaja na mita yake ya kupimia umeme. Alitandaza kipande kipya cha foili juu ya mchuzi bila kugusa ukingo, akaweka waya mmoja kwenye foili na wa pili kwenye trei. Mshale ukasogea. Ulisogea kidogo tu, kama nusu volti hivi, lakini Mama Foili aliruka akamkumbatia mume wake kwa namna ambayo, kwa maelezo ya wifi aliyekuwa mlangoni, haikuwa imeonekana nyumbani humo kwa muda.

Siku ya kumi na moja aliomba kamati imsikilize. Hakwenda na maelezo ya mdomo. Jana yake alikuwa ameandaa vyombo vitatu vya mchuzi ule ule, mbele ya macho ya nesi, ambaye aliviweka kwenye friji ya zahanati ya kiwanda na kuondoka na ufunguo. Cha kwanza kilikuwa trei ya kioo yenye foili iliyobonyezwa. Cha pili, trei ya stili yenye foili iliyobonyezwa vile vile. Cha tatu, trei ya stili pia, lakini juu ya mchuzi alitandika karatasi ya kuokea, akaifunika foili juu, imeinuka kama hema, bila kugusa chakula.

Kamati ilikuwa ya watu saba. Waliojazana mlangoni na madirishani hawakuhesabika.

Nesi alifunua mwenyewe. Kwenye kioo, foili ilikuwa nzima ila imefifia, na nesi aliliona hilo akalitaja. Kwenye stili ya kwanza, matobo. Kwenye stili ya pili, foili iling'aa kama imetoka dukani. Kisha fundi akaitoa mita. Alimwita Mzee wa Soli ashike waya mmoja, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kesi. Mshale uliposogea, mzee aliuachia waya kana kwamba umemuuma.

"Jamani!" akapiga kelele. "Samaki ana chaji!"

Ukumbi ulilipuka. Walicheka wa mlangoni, wakacheka wa madirishani ambao hawakuwa wameona kitu, na nesi, aliyejitahidi kukaza uso kwa siku kumi na moja, alivua miwani akafuta machozi. Mpaka leo Alhamisi ikifika utasikia mtu kwenye foleni akiuliza kama samaki wameshachajiwa, au kama anaweza kuleta simu yake.

Nesi alipotulia alisema lake, na humo jikoni kila mtu anajua alichosema kwa sababu Mama Foili alimwomba aandike, akabandika karatasi mlangoni mwa friji. Kwamba alumini kidogo ikiingia mwilini, figo zenye afya huitoa, kwa hiyo waliokula siku ile wasiwe na hofu. Lakini mwenye ugonjwa wa figo hana uwezo huo, na hata mzima hana sababu ya kula bati lisilokuwa sehemu ya mlo. Chakula chenye uchachu au chumvi nyingi, kama nyanya, limau na siki, kisilale ndani ya foili. Kitiwe kwenye chombo cha kioo au cha plastiki ya chakula chenye mfuniko.

"Halafu akasema jiko lifunguliwe," Mama Foili anasema. "Nililia. Wifi alilia. Mume wangu alisema ana betri za watu kibandani, akakimbia, lakini nilimwona."

Kabla ya kuwasha tena moto wa jiko la kiwanda, alikuwa na safari moja. Nyumbani kwake alipika samaki wazuri kuliko wote, akawatia kwenye bakuli la kioo lenye mfuniko, akaenda mtaa wa pili saa ambayo alijua duka limejaa. Kama alimtukana mtu mbele ya watu, alisema moyoni, basi msamaha nao utafute watu.

"Nilisema Mjomba, foili yako haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, la mkono wangu huu. Nimekukosea, nisamehe. Nikasema kwa sauti mpaka wa nje wakasikia."

Mjomba alifunua bakuli, akanusa, akalifunika. Kisha akamtazama kwa uso mkavu. "Na hiki mbona hakina foili?" akauliza. "Umehamia duka jingine?"

Wateja walicheka, naye akacheka huku akilia, jambo ambalo anasema halipendezi usoni kwa mtu mnene.

Mwandishi alipofika dukani hapo, Mjomba hakutaka kuongea mengi. Alisema tu kwamba kwa wiki kadhaa foili haikununuliwa, na kwamba tangu siku ya bakuli mauzo yalirudi. Alionyesha rafu ya foili. Juu yake kumebandikwa kadi iliyoandikwa kwa mkono wa Mama Foili, kubwa, ikisema nyanya na limau hazilali humu. "Sijawahi kuona mteja anayebandika onyo juu ya bidhaa ya mtu," Mjomba alisema. "Lakini nimeizoea."

Asubuhi hii jikoni, saa mbili na nusu, kuku wanatolewa ovenini. Walifunikwa foili ili wasikauke, na sasa inaondolewa ili ngozi ikamate rangi. Mwandishi, akitaka kuonekana naye anajua, anauliza kama upande unaong'aa ndio unaopaswa kuelekea chakula.

Mama Foili na wifi yake wanatazamana.

"Kila mtu anauliza hilo," wifi anasema. "Hata yeye alikuwa anaamini. Miaka saba ananigombeza kwamba nimegeuza."

"Pande zote ni sawa," Mama Foili anakiri. "Ni namna inavyotoka kwenye mashine tu, upande mmoja unang'aa, wa pili unafifia. Nilimwomba wifi msamaha wa hilo pia. Mwaka huu nimeomba misamaha mingi sana."

Baada ya kisa cha samaki alianza kuuliza kila kitu alichokuwa anakifanya kwa mazoea. Alimganda nesi, akamganda mume wake, akawaganda wanaouza oveni. Aligundua kwamba kutandika foili kwenye sakafu ya oveni, jambo alilofanya ili asisugue, huzuia joto kuzunguka na huweza kuiharibu oveni yenyewe. Akaacha. Sasa anasugua, na ananung'unika.

Lililomshtua zaidi lilikuwa la viazi, vile vile vilivyomtoa getini. Enzi za kikapu, vilivyobaki alikuwa akiviacha ndani ya foili juu ya meza mpaka jioni, watoto wale. Nesi alimweleza kwamba kiazi kilichookwa na kuachwa kimefungwa kwenye uvuguvugu, bila hewa, ni mahali ambapo kijidudu kimoja hatari hupenda kukaa na kutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha. Kiazi kiliwe kikiwa moto. Kikibaki kivuliwe foili, kiende kwenye friji kabla saa mbili hazijapita.

"Nilisugua trei safi kutwa nzima," anasema. "Wifi alidhani naumwa. Nilikuwa nahesabu viazi vyote nilivyowahi kuwapa watoto wangu."

Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, baada ya chakula, huwa anapanda kwenye kreti la soda mbele ya ukumbi na kufundisha kwa dakika kumi na tano. Nesi ndiye aliyeweka sharti hilo siku ya kufungua jiko, kwa kuwa wengi wa wafanyakazi hupika nyumbani na hufanya makosa yale yale. Mama Foili alilipokea kama adhabu. Sasa huwezi kumshusha kwenye kreti.

Mwezi uliopita alifundisha kuhusu maikrowevu. Hakueleza sana. Aliuliza tu nani amewahi kusahau kipande cha foili ndani yake. Mikono minne ikanyanyuka, na wa mwisho, polepole, ulikuwa wa meneja.

"Cheche ziliruka," meneja alijieleza. "Mke wangu hajui mpaka leo."

"Sasa anajua," ukumbi ukamjibu kwa pamoja, kwa kuwa mke wake yuko idara ya hesabu na alikuwa ameketi meza ya pili.

Anakumbusha pia kwamba foili hata ukiibana vipi haizibi kabisa, kwa hiyo mabaki ya kukaa siku mbili tatu yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Anawaonyesha jinsi ya kufunga kuku wa kuoka kwa kuacha nafasi ya mvuke. Anawaambia wasisugue trei wala sufuria za alumini kwa waya wa chuma halafu wakatie siki. Wanaandika. Mzee wa Soli hukaa mbele na huuliza maswali ambayo majibu yake anayajua, ili tu kutoa mifano ya samaki.

Saa sita na nusu kengele inalia. Ni Alhamisi, siku ya samaki, na kuku ni wa wasiokula samaki. Foleni inazunguka ukuta mpaka kwenye milango ya karakana. Samaki wamelala kwenye zile trei za kioo kumi zilizosalimika, ambazo Mama Foili alizitoa stoo akaziomba radhi nazo, kwa utani, mbele ya wifi. Za stili sasa ni za kuku, mikate na viazi, na bado zinang'aa.

Mzee wa Soli anafika mbele na sahani yake. Anapakuliwa, anatazama chini, anarudisha sahani. "Ongeza kimoja," anasema. "Hiki hakina hereni."

Ukumbi ukishatulia na kelele za vijiko kuanza, Mama Foili anaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anavua kilemba, anajipepea nacho. Anaeleza mpango wake. Kiwanda kimemkubalia aongeze mkataba kwa miaka mitatu, na katika muda huo anataka kupata chumba chake mwenyewe karibu na geti, apike na kufundisha. Amekwishazungumza na wanawake sita wanaouza vyakula kwa vikapu pale nje, kama alivyokuwa yeye. Wote wanafunga kwa foili. Wanne kati yao, anasema, wanauza vitu vya nyanya.

"Sitaki mtu afungiwe kikapu chake kwa kitu ambacho mimi nakijua," anasema. "Mimi nilikuwa na mume wa betri. Wao wana nani?"

Kisha anasimama, anafungua kabati lililo nyuma ya mlango na kutoa fremu ya picha. Ndani ya kioo hakuna picha. Kuna ile foili ya kwanza, ya Alhamisi ile, imenyooshwa vizuri. Fremu aliitengeneza mume wake. Anaielekeza dirishani na vitone vya mwanga vinamwangukia usoni, kwenye mashavu, kwenye paji la uso, na anacheka kabla hajasema.

Siku atakapopata chumba, anasema, hiki ndicho kitu cha kwanza kitakachopigiwa msumari ukutani, pale mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia kula atakiona na kuuliza.

"Lawama ya matobo haya nilimtwika mtu mbele ya wateja wake," anasema, akiifuta fremu kwa ncha ya aproni. "Basi yatakaa mbele ya wateja wangu. Na kila atakayeniuliza ni ya nani, nitamwambia ni yangu."